Bushi za Upande wa Kulia

Mume wangu anakagua mita za maji. Kazi yake ni kupita nyumba hadi nyumba, kuchutama penye mita, kuitazama ile lakiri ndogo ya risasi iliyofungwa kwa waya, na kujua kama kuna mtu ameichezea. Ameifanya kazi hiyo tangu kabla hatujaoana, na mtaani hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Lakiri. Akiitwa hivyo anaitika, na nadhani moyoni anafurahi.

Shida ni kwamba kazi yenyewe haibaki kazini. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu, anajiuliza anaficha nini. Akikuta vikombe vimepangwa vingine kabatini, ananiuliza nani alikuja. Anarudi nyumbani saa yoyote bila taarifa, na akishafungua geti anasimama kwanza, anaupima ua kwa macho, ndipo anaingia. Mimi nimemzoea. Nikimwona amesimama hivyo namwambia, "Ingia tu, wezi wameshaondoka," naye hacheki hata kidogo.

Kitu kimoja tu duniani anakipenda bila kukishuku, nacho ni gari lake. Ni gari la milango miwili, limelala chini, na injini yake inanguruma hata likiwa limesimama. Alilitamani tangu ujana, akalipata likiwa limeshapita mikononi mwa watu wengi. Gari halishuku, lakini kila anayelisogelea anamshuku. Fundi wa mwisho kuligusa, kwa maelezo yake, alimrudishia bushi zake za zamani, mipira ya chini ya gari, zikiwa zimepakwa dawa ya viatu zing'ae kama mpya. Hizo bushi mimi sikuziona, lakini habari yake nimeisikia mpaka naweza kuisimulia nikiwa usingizini. Tangu hapo kila kitu anakifanya mwenyewe, chini ya kibanda cha mabati kilichoko ubavuni mwa nyumba yetu.

Sasa mkia wa gari ukaanza kuyumba. Akikata kona, nyuma inachelewa kidogo kisha inafuata kwa ghafla. Akikanyaga breki, inatikisika. Alilala chini na tochi, akatoka na jibu: bushi za nyuma zimekwisha, ile mipira inayokaa kwenye maungio ya mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Akaagiza mpya za mpira mgumu, za magari ya mashindano. Zilipofika alizinusa, akazikwaruza kwa ukucha, akazipima uzito kwenye mizani yangu ya unga, ndipo akakubali kwamba hakuibiwa.

Wakati huohuo akaja mdogo wake. Kwao walizaliwa wawili tu, na wazazi wao hawapo tena. Huyu shemeji yangu ameuza magodoro, ameendesha lori la kokoto, amekaa kidogo kwenye karakana ya mabasi, amefuga kuku wakafa wote. Mdomo wake haukauki. Alikuja na begi moja la zana na jingine la nguo, akasema kazi imemwishia tena, anaomba chumba cha nyuma mpaka ajipange. Mume wangu alimkumbatia, akampa chumba, kisha akabadilisha kitasa cha stoo.

Hata mimi, sisemi uongo, nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu ambaye kila kazi inamponyoka, unajiuliza kosa ni la kazi au la kwake. Lakini alikuwa anaosha vyombo bila kuambiwa, ananichekesha nikiwa nimekasirika, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilimsikia mume wangu akisimulia mambo ya utotoni mezani. Nikampenda. Na kuanzia hapo nikawa na hofu moja tu, kwamba siku isiyo na jina mume wangu atamfukuza ndugu yake wa pekee kwa kosa la kufikirika, na kwamba huyu akishafukuzwa hatarudi. Pamoja na maneno yake mengi, ana moyo wa kujeruhika haraka.

Siku ya kazi ilipofika walipandisha gari kwa jeki, wakaliweka juu ya stendi za chuma, magurudumu ya nyuma yakaondolewa. Kuingiza bushi mpya bila mashine ya karakana si mchezo. Walipitisha bolti ndefu katikati, wakaweka kipande cha bomba huku na washa nene, kile kipete cha chuma, kule, wakapaka sabuni yangu ya kuoshea vyombo ili mpira uteleze, kisha mmoja akashika huku mwingine akikaza nati. Bushi ikawa inaingia kidogo kidogo, inalia. Ilipokaa sawa wakapigana mabegani kwa furaha, na mimi niliyekuwa naanika nguo nikafurahi nao.

Ugomvi ulianza wakati wa kurudisha ile mikono ya chuma na kukaza bolti za mwisho.

"Kaka, usizikaze sasa," mdogo wake akasema. "Zishikize tu. Tulishushe kwanza gari likanyage chini, lilale kwa uzito wake, ndipo tukaze."

"Nikaze nikiwa wapi? Nilale chini ya gari lisilo na stendi?"

"Tunaweka mbao nene chini ya matairi, nafasi inapatikana. Huu mpira umegandishwa na chuma, ndani na nje. Ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, likishuka mpira unabaki umejinyonga. Ni kama mtu alale shingo imepinda, kila siku."

Mume wangu aliweka spana chini. Namjua akiwa hivyo. "Kwa nini unataka sana nilale chini ya gari lisilo na stendi?"

Kaka mtu alikuwa hatanii. Mdogo wake alicheka akidhani ni mzaha, kisha akaona uso wake, akarudi nyuma hatua moja. Bolti zote zikakazwa pale pale, mikono ikiwa inaning'inia. Halafu mume wangu akatoa mfukoni chupa yangu ya rangi nyekundu ya kucha, ambayo asubuhi nilikuwa nimeitafuta mpaka na mimi nikauliza nani ameingia chumbani. Akachora kila bolti mstari mwembamba, kuanzia kichwani mwake hadi kwenye chuma kilicho jirani. Bolti ikigeuzwa hata kidogo, mstari unakatika.

"Hii ni ya nini?" nikamwuliza.

"Ni ya kujua," akasema.

Siku iliyofuata mume wangu alikwenda kazini asubuhi kama kawaida, gari akaliacha kibandani. Mimi nilikuwa jikoni. Shemeji alipita akaniambia, "Shemeji, naenda kumwokolea huyu bwana bushi zake. Akirudi nitamwambia taratibu, akishashiba." Nilimwambia aache. Nilimwambia wazi kabisa kwamba lile gari litamtia matatani. Akasema, "Ni ndugu yangu, atafanya nini?" Alianza upande wa kushoto. Akalipandisha gari kwa jeki, akaweka mbao chini ya tairi, akalishusha likakaa kwa uzito wake, akajiingiza chini, akazilegeza bolti za upande ule na kuzikaza upya. Nilimsikia akiimba huko chini.

Kabla hajahamia upande wa kulia, geti likafunguka. Mume wangu alikuwa amesimama pale, akiupima ua. Aliona miguu ya ndugu yake imetokeza chini ya gari, akasikia spana ikigonga chuma.

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya. Alisubiri mdogo wake atoke, akachutama, akamulika tochi, akaona mistari ya kushoto yote imekatika. Akapiga picha. Mdogo wake alieleza kila kitu, tena vizuri, bila mizaha. Nami nikasema nilikuwepo, na kwamba alinieleza anachokwenda kufanya.

"Kila anayechezea mita ana maelezo," mume wangu akasema. "Tena wenye hatia ndio wana maelezo mazuri zaidi."

"Kaka, nikudhuru wewe nipate nini?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza."

Shemeji yangu alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akaenda chumba cha nyuma, akafunga mabegi yake, akaniaga kwa heshima zote. Kwa kaka yake alipita moja kwa moja hadi getini. Usiku ule sikumpakulia mume wangu chakula. Alijipakulia mwenyewe, akala akitazama zile picha kwenye simu.

Utadhani basi angekaza upya upande wa kushoto kwa namna yake. Thubutu. Kazini kwao mita iliyochezewa haiguswi, inaachwa ijiumbue yenyewe. Alihakikisha tu kwamba bolti zimekaza, akazikuta zimekaza barabara, na hilo likamzidishia shaka. Mwizi hodari, akasema, haachi kitu. Kisha akagundua kwamba nyuma gari halikai sawa, upande wa kulia umeinuka kidogo na wa kushoto umelala. Aliniita nje nione.

"Unaona? Kushoto kumeshuka. Ameshaliharibu."

"Au kulia ndiko kumeinuka," nikasema.

"Kulia kuna alama zangu. Hakujaguswa."

Alinikataza kupanda lile gari. Yeye akaendelea kuliendesha, polepole, madirisha wazi, sikio lake lote liko nyuma kushoto. Nilikasirika kuliko ninavyoweza kueleza. Alikuwa tayari kuhatarisha shingo yake mwenyewe ili tu apate ushahidi dhidi ya mtoto wa mama yake. Nilimwambia hivyo. Akasema mimi sijui watu.

Mvua za msimu ule zilikuwa hazijaisha mlio ulipokuja. Alirudi siku moja jioni uso wake umechangamka, nami nikajua. "Inagonga," akasema. "Nyuma. Kila nikipita kwenye tuta, inagonga." Hakubadili hata nguo za kazi. Alipandisha gari, akaondoa gurudumu la kushoto, akaingia na tochi, na mimi nikasimama karibu maana nilitaka kuwepo, liwe liwalo.

Alikaa huko chini muda mrefu. Alisukuma ule mkono kwa nondo, huku na huku. Bushi za kushoto zilikuwa nzima, mpira mzima, hazina hata ufa.

Akahamia kulia. Alama zake zilikuwepo, nyekundu, zimenyooka, hakuna mstari hata mmoja uliokatika. Aliingiza nondo akasukuma, na ule mkono ukacheza, ukagonga. Akaufungua. Bushi ilitoka kwenye ule mkono wa chuma ikiwa imechanika, mpira umejing'oa kwenye chuma, na ule mchaniko ulikuwa umezunguka kufuata upande mmoja, jinsi kitambaa kinavyochanika kikinyongwa. Ya pili ilikuwa vivyo hivyo.

Alikaa chini kwenye saruji na ile bushi mkononi. Niliona anaitafutia maelezo. Akaigeuza, akainusa, akasema labda ni mpira bandia. Nikamwuliza mbona zile za kushoto zilitoka kwenye boksi lilelile. Akaiweka ile bushi sakafuni. Nilimwonea huruma kidogo, kidogo sana, kisha nikamkumbuka shemeji yangu akivuka geti na mabegi yake, na huruma ikaisha.

"Mpigie wewe," akaniambia baadaye. "Mimi hatapokea."

Nilimpigia, akapokea, akaniuliza hali yangu kwa furaha. Nikampa mume wangu simu bila kumwonya. Sikusikia upande wa pili, nilisikia wa huku tu. Mume wangu alisema bushi za kulia zimechanika. Akasema za kushoto ni nzima. Kisha akasema, "Nilikosea, mdogo wangu," maneno ambayo katika ndoa yetu yote mimi sijawahi kuambiwa. Akamwomba aje waingize mpya pamoja, na chumba chake kipo. Alipokata simu alisema, "Anakuja. Chumba hataki, ameshapata kwingine."

Alikuja mwisho wa wiki. Mume wangu alikuwa amefagia kibanda, ameweka mbao nene tayari, na geti alikuwa ameliacha wazi tangu asubuhi, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu. Nilisimama mlangoni nikiwa na matumaini makubwa. Nilidhani nitasikia ule mdomo wake kabla sijamwona.

Hakuingia. Alisimama nje ya geti, akatusalimia sote wawili kwa adabu, akapiga goti na kufungua begi lake la zana. Alitoa spana moja moja, akazipanga chini, kisha nyundo, kisha koleo. Begi likabaki tupu, akaligeuza ndani nje, akalitikisa.

"Unafanya nini, ndugu yangu?" mume wangu akamwuliza. "Ingia."

"Hesabu kwanza, kaka. Nikitoka utahesabu tena. Na shemeji naomba akae pale tunapofanyia kazi, aone kila ninachogusa."

"Sina haja ya kuhesabu."

"Mimi ndiye mwenye haja."

Hakusema kwa hasira wala kwa kejeli. Alisema kama mtu aliyejifunza utaratibu wa nyumba ya watu na anaufuata. Mume wangu alimtazama, akanitazama na mimi, akitaka niseme neno la kuokoa jahazi. Nami nikazitazama zile spana. Mdogo wake aliendelea kusubiri pale nje, mikono nyuma, hana haraka.

Basi mume wangu akachutama pale getini. Akaanza kuzigusa spana za ndugu yake moja baada ya nyingine, akihesabu kwa sauti. Mdogo wake alimsikiliza mpaka ya mwisho, akaitikia kwamba hesabu ni sawa, ndipo akavuka geti.