Nilieleza main verb darasani, mkaguzi alipokuja nikapelekwa jikoni

Wakuu, na marahaba kwa wote mtakaonipa shikamoo. Haya yamenipata mwenyewe, sijatia chumvi. Anayebonyeza simu ni kitukuu wangu Limi, mimi namtajia.

Juzi nimemkuta Limi anahangaika na homework ya main verb na auxiliary verb. Hasira yangu ya miaka yote ikaamka.

Enzi za Mwingereza, miaka ya thelathini, nilisoma madarasa machache kwenye shule moja upande wa Didia. Wasichana tulikuwa watatu: mimi Kabula, Mhoja na Ng'walu.

Siku moja Mwalimu Zakaria aliandika ubaoni "They are digging", akauliza hiyo "are" ina kazi gani.



Nikasimama. Nikasema ni kama tunavyolima kwa ngoma huku Usukumani. "Digging" ndio wakulima, kazi yenyewe iko hapo. "Are" ni mpiga ngoma. Hashiki jembe, lakini ukimsikia unajua watu wanalima sasa hivi au walishamaliza.

Darasa zima likaelewa! Mwalimu akasema, "Hiyo nzuri, tutamwambia mkaguzi."

Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja wiki ile. Atakayemjibu vizuri angepelekwa shule ya bweni. Nikafua gauni langu, lilikuwa hilo hilo moja.

Asubuhi yake Mwalimu akasema, "Kabula, Mhoja, Ng'walu, jikoni. Mgeni atakula nini?"

"Na maswali, Mwalimu?"

"Maswali yana wenyewe."

Nasonga ugali, namsikia kupitia dirisha la darasa Nkwabi, mtoto wa baba yangu mdogo niliyesoma naye, anatiririsha maneno yangu. Ngoma, jembe, yote. Makofi! Mkaguzi akaandika jina lake.

Chakula kilipoiva nikaingia na birika la kunawisha, nikapiga magoti mbele ya mkaguzi.

"Bwana, hayo ya ngoma niliyasema mimi."

Mwalimu akadakia, "Binti, mimina maji, maneno baadaye."

Wakacheka wote. Mkaguzi alishanyoosha mikono.

Wakuu, nikaliweka birika chini nikatoka. Kwetu kumwacha mgeni na mikono hewani ni aibu ya nyumba nzima. Nilichapwa, na shule ikaishia hapo.

Nkwabi alipelekwa bweni, akarudi karani. Nilipomuuliza akasema, "Dada, mimi niliulizwa, nikajibu."

Walimu mliomo humu, kabla mgeni hajaanza kuuliza, hesabuni mliowatoa darasani.

Haya, semeni nilikosea wapi. Ila atakayesema ningevumilia, aseme kwanza kama amewahi kumsikia mwenzake akipigiwa makofi kwa akili ya kichwa chake yeye.