Ndimu Iliyokula Meno

Wiki jana, katika kliniki ya meno mjini Thika, pazia tu lilinitenga na mama mmoja wa Kiganjo. Alilalamika kwamba hata chai vuguvugu inamchoma meno.

"Unakunywa soda?" daktari akauliza.

"Ngai! Mimi na soda? Kila asubuhi ni maji ya ndimu, halafu napiga mswaki hapo hapo, kwa nguvu. Tulitumiwa dawa hiyo kwa simu, kwa grupu ya akina mama."

Daktari akamweleza:

"Mama, ndimu ni asidi. Inalainisha ganda la jino, nawe unalisugua likiwa laini. Limeisha karibu lote."

"Litamea tena?"

"Halimei."

Nilimsikia akilia. Nami nilikuwa nimekunywa maji yangu ya ndimu asubuhi hiyo hiyo.

Wasomaji, hawa wanaotutumia dawa kwa simu, ni nani kati yao aliyewahi kutuangalia mdomoni?