Choo Kisichoguswa

Kila hifadhi ya jimbo inapofungua nafasi za kambi, mume wa Merrilee husukuma miwani hadi kwenye paji la uso, hulamba kidole, kisha hukitembeza juu ya ramani kwenye kompyuta mpaka palepale: jirani na vyoo vya umma. Nyumba yao ya magurudumu, wanayolala kambini, ina choo kizuri tu, ila amekijaza fimbo za kuvulia samaki, maana kumwaga tangi lake la maji machafu hataki.

“Hapa patamu,” alisema leo.

“Patamu kwa nani? Mwaka jana nilichechemea mvuani kwenda huko na goti hili, taulo kichwani!” Merrilee akampokonya kompyuta, akabonyeza nafasi ya kando ya ziwa.

“Na choo je?”

“Si tunacho, mzee? Na tangi utamwaga wewe.”

Mumewe akatoka. Punde Merrilee akasikia fimbo zikitolewa chooni moja moja, polepole, kama mtu anayefukuzwa kwake.