Nyasi Nilizowanyima Ng'ombe Watatu

Kwa miaka kumi na minne kazi yangu ilikuwa kutunza kiwanja cha michezo cha shule moja ya bweni, nje kidogo ya mji wa Kitengela. Nilitoka kwetu Kakamega mapema miaka ya tisini na mke wangu na mtoto mmoja, nikidhani nyasi huota popote. Udongo mweusi wa kule ulinifunza haraka. Mvua ikinyesha, unanata kwenye gambuti hadi miguu inakuwa mizito kama umefungwa mawe. Jua likiwaka, unapasuka nyufa za kumvunja mchezaji kifundo. Kila kiangazi nilizijaza kwa mchanga nikiwa nimepiga magoti, ufa mmoja baada ya mwingine.

Nilikipenda kile kiwanja kupita kiasi. Wakati ule upendo huo niliuita bidii. Nyasi zake nilizipanda kwa mkono, kipandikizi kwa kipandikizi, kuanzia goli la juu mpaka la chini, na jioni nilizimwagilia maji ya kisima cha shule. Wanafunzi waliojaribu kukatiza katikati yake kwenda bwalo la chakula niliwarudisha wazunguke. Hata walimu walikizunguka.

Jirani yetu alikuwa mjane wa Kimaasai, boma lake likiwa ng'ambo ya seng'enge ya shule. Ndiye aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Mtoto wetu wa pili alipozaliwa, mke wangu aliugua wiki nzima, na yule mama alikuja kila siku kumpikia uji na kumwogesha mtoto, bila mtu kumwita. Watoto wangu walimwita koko, yaani bibi. Mimi nilimwita Yeyo, mama, kama wanawe walivyomwita.

Kisha ukaja ukame, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Watu wakahamisha mifugo, wengine wakaingia nayo hadi Nairobi kutafuta nyasi za kando ya barabara. Wanawe Yeyo waliondoka na kundi kuelekea milimani. Yeye alibaki na ng'ombe watatu ambao hawangeweza safari: wawili wa maziwa na mtamba mmoja. Nyanda zote zilikuwa vumbi. Mahali pekee palipokuwa kijani ni kiwanja changu.

Asubuhi moja alikuja akasimama langoni, mkono kwenye seng'enge. Nilikuwa ndani, nikivuta uzi wa kupigia mistari ya chokaa.

"Takwenya, Yeyo," nikamsalimia.

"Iko," akajibu. Akanyoosha kidole pembeni mwa kiwanja. "Baba, niko na ng'ombe tatu tu. Wacha ikule hapa pembeni, siku mbili ama tatu. Nitakaa nayo mwenyewe. Haitaingia katikati."

Nilitazama pembeni alipoonyesha. Nyasi za pale zilikuwa nzuri kuliko za kwingine, kwa sababu hakuna aliyezikanyaga. Baada ya wiki tatu tulikuwa na mashindano ya shule zote za wilaya, ya kwanza kufanyiwa kwetu, na moyoni nilikuwa nimeshaona jinsi wageni watakavyokisifu kiwanja.

"Si mimi ninayeamua, Yeyo," nikasema. "Wacha nimuulize mkuu wa shule."

"Sawa. Muulize."

Sikumuuliza. Nilipita mlangoni pa ofisi yake mara mbili siku hiyo, mara moja nikiwa na funguo za stoo mkononi, na sikubisha. Niliogopa kwamba angekubali. Kesho yake Yeyo alipokuja nikamwambia nikiwa nimeinama juu ya uzi wangu, "Pole, mkuu amekataa."

"Amekataa," akarudia. Hakuwa na hasira. Akaniambia nisalimie watoto, akaenda zake.

Mtamba ndiye aliyetangulia kufa. Siku chache baadaye wakafuata wale wawili, mmoja wao hatua chache tu kutoka seng'enge yetu. Mkuu wa shule alimwona akiwa kwenye mzunguko wake wa asubuhi, akaniita.

"Huyu si ng'ombe wa yule mama wa maziwa? Kwa nini hakuna mtu aliyeniambia? Tungewaingiza hapo nyuma. Nyasi si zinarudi?"

Nilisema sikujua kwamba hali ilikuwa mbaya hivyo. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Mashindano yalifanyika. Asubuhi ya siku hiyo kamati ilisimamisha mahema ya wageni pale pale pembeni, na magari yakaegeshwa mpaka karibu na goli la juu. Hakuna aliyezungumzia nyasi. Jioni nilipita nikiokota chupa katikati ya alama za magurudumu. Mvua zilipokuja, pembeni paliota tena ndani ya mwezi mmoja, kana kwamba hakukuwahi kutokea kitu. Yeyo hakuwepo kuona. Alikuwa amehamia kwa binti yake huko Kisaju.

Mke wangu aliwahi kuniuliza kama kweli mkuu alikataa. Nikamwambia asiniulize mambo ya kazi. Hakuniuliza tena, na nadhani alijua.

Miaka mitano au sita baadaye nilikwenda Kisaju sokoni kutafuta mbuzi. Nilimkuta Yeyo ameketi mbele ya duka la binti yake, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliijua. Akaninyooshea mkono, akaitisha chai. Akauliza habari za watoto wote, na yule aliyemwogesha akamuuliza kwa jina. Nikamwambia yuko sekondari. Akacheka kwa furaha.

Nilikuwa nimejiambia mara nyingi kwamba nikimwona nitamwambia. Nikaweka kikombe chini.

"Yeyo, ule mwaka wa ukame…"

"Ah, ule mwaka," akasema. "Ulikuwa mbaya. Wewe ulijaribu, Baba. Ulienda ukaniulizia. Ni yule mkuu wenu, alikuwa mtu mgumu."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu. Nikasema, "Ndiyo. Alikuwa mgumu."

Akanipapasa mkono, akamwambia binti yake aniongezee chai. Niliinywa yote. Nyumbani nilimweleza mke wangu kila kitu, tangu siku ile ya langoni. Alisikiliza akichambua mboga, hakuinua uso.

"Rudi umwambie," akasema mwishowe. "Kisaju si mbali."

Nilisema nitarudi mwisho wa mwezi. Kisha ikawa baada ya mvua, kisha baada ya shule kufungwa. Msimu uliofuata nilisikia kutoka kwa mchuuzi mmoja wa mbuzi kwamba yule mama alikuwa ameshazikwa.