Kisanduku cha Kifafa

Wifi yangu ana mkono mwepesi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mpe sketi ya shule, geuka ukohoe, ukirudi pindo limeshashonwa na uzi hauonekani hata ukivaa miwani. Ndiyo maana karakanani tulimwita Pindo. Pale kila mtu aliitwa kwa kazi yake. Mkata vitambaa alikuwa Mkasi, mimi ninayeshona vifungo nikawa Kifungo, na kaka yangu, mume wa Pindo, ambaye hata sindano hajui inashikwa upande gani, akija kumchukua mkewe jioni walimwita Kiraka. Alinuna wiki moja tu, kisha akawa anaitika.

Pindo ana kifafa. Kilimwanza akiwa na miaka kumi na mitatu, darasani, mbele ya wenzake, na hakijamwacha. Anakunywa dawa zake asubuhi na jioni bila kukosa, na bado mara mbili tatu kwa mwezi kinamwangusha. Nilijua tangu siku za uchumba wao, na nitasema ukweli, niliipinga ile ndoa. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo leo nikiyakumbuka nafumba macho kwa aibu hata nikiwa peke yangu jikoni. Baadaye nikamzoea, nikampenda, na nafasi ilipotokea pale karakanani nikamtafutia kazi. Kwa sharti moja: mtu asijue.

Tulikuwa na ishara yetu. Kabla ya kuanguka, Pindo husikia harufu ya kitambaa kinachoungua, hata kama hakuna pasi iliyowashwa. Akiisikia, anakohoa mara mbili na kuangusha bobini yake, kile kigurudumu cha uzi wa mashine, sakafuni. Mimi nainuka, namshika kiwiko kama vile tunakwenda kuchukua vitambaa, naingia naye stoo, namlaza kwa ubavu juu ya marobota ya vitambaa, natoka, nafunga mlango kwa ufunguo, narudi kwenye vifungo vyangu. Akiamka anagonga. Mtu akiuliza yuko wapi, nasema tumbo linamsumbua. Miaka sita! Nilijiona mjanja wa kutunukiwa cheti.

Siku moja nikaumwa jino, nikabaki nyumbani. Bobini ikaanguka, hakuna aliyeinuka. Pindo akaangukia mashine huku mguu ungali kwenye pedali, na sindano ikapita katikati ya kidole chake cha shahada. Mkasi ndiye aliyechomoa waya wa umeme. Wengine walitimua mbio, na wawili waliruka nje kupitia dirishani, ilhali mlango ulikuwa wazi.

Bosi wetu si mtu wa kupiga kelele. Alimsubiri Pindo arudi kutoka hospitali, kidole kimefungwa bendeji, akamwita ofisini. Nami nikaingia nyuma yake bila kuitwa.

"Kumbe mlikuwa mnanificha," akasema. "Haya. Sheria naijua. Mfanyakazi mwenye ulemavu simfukuzi, natakiwa nimpe kazi inayomfaa. Nitamtoa kwenye mashine, ashone kwa mkono. Lakini kadi ya ulemavu iko wapi?"

"Sina, bosi," akajibu Pindo.

"Basi niletee kabla ya mwisho wa mwezi. Bila kadi, kwangu wewe ni mtu mzima aliyedanganya kazini. Na mtu wa namna hiyo namfukuza."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Matusi ningeyajibu, domo ninalo. Lakini kadi haipatikani kwa domo. Habari za kidole kile zilikuwa zimeshazunguka mji mzima, na hakuna karakana nyingine ambayo ingempa Pindo hata kitambaa cha kufutia meza.

Ofisi ya ustawi wa jamii ina chumba cha upimaji chenye meza moja ndefu na ubao wa herufi ukutani. Nyuma ya meza walikaa watu watatu. Katikati mwenyekiti wa jopo, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Kulia kwake daktari. Kushoto karani, mzee mpole aliyepiga mstari kwa rula chini ya kila neno aliloandika. Fomu yenyewe ilikuwa na visanduku vitano: macho, masikio, mikono, miguu, akili.

"Mama, tembea mpaka mlangoni, urudi," akasema mwenyekiti.

Pindo akatembea, akarudi.

"Nyanyua hicho kiti. Vizuri. Soma ubao."

Pindo akasoma mpaka mstari wa mwisho, kisha akaendelea na jina la mchapishaji lililokuwa pembeni kwa herufi ndogo kama chawa. Wakamuuliza tarehe, akataja na siku.

"Hongera sana, mama!" Mwenyekiti alifurahi kwa dhati, kama muuguzi anayetangaza mtoto kazaliwa salama. "Huna ulemavu wowote."

Hongera?

"Ana kifafa," nikasema.

"Amesema, tumemsikia. Lakini sisi tunapima tunachokiona, dada. Leo tumemwona mzima."

Karani akaandika *mzima*, akapiga mstari.

Tulirudi baada ya wiki moja na kadi zote za hospitali tangu Pindo akiwa msichana, bunda zima. Daktari akaanza kuzifunua. Alikuwa kwenye ya tatu au ya nne niliposikia wifi anakohoa. Mara moja. Mara mbili. Mkoba wake ukaanguka sakafuni.

Nilimdaka, nikamlaza kwa ubavu, nikamwekea kitenge chini ya kichwa. Mwenyekiti alirudi nyuma mpaka ukutani akiwa amekumbatia mafaili, utadhani kifafa kilikuja kuiba. Daktari alikuja kupiga magoti karibu nami, nashukuru. Ilichukua dakika mbili. Na mimi, Mungu anisamehe, katikati ya woga nilikuwa nafurahi. Nilijiambia, sasa wameona kwa macho yao, leo tunaondoka na kadi.

Pindo alipoweza kukaa, mwenyekiti akarudi mezani, akavaa miwani, akamsomea karani cha kuandika.

"Mwombaji ni mgonjwa. Hawezi kupimwa. Arudi akiwa mzima."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Nikaomba ile karatasi niisome mwenyewe. Ndivyo ilivyoandikwa, na chini ya neno *mzima* karani alikuwa amepiga mstari ulionyooka kabisa. Nilianza kucheka, kicheko kikakataa kukoma, mpaka Pindo, ambaye ndiye aliyekuwa ameanguka, akanishika mkono kunitoa nje.

Siku tatu kabla ya mwezi kuisha, karani alitupigia simu. Tulimkuta kwenye dirisha la mapokezi, akatazama kushoto na kulia, akasukuma kadi chini ya kioo. Kadi! Ina picha ya Pindo, ina muhuri. Kwenye mstari wa aina ya ulemavu paliandikwa *miguu*.

"Nimembembeleza mwenyekiti," akanong'ona. "Fomu haina kifafa. Lakini si anaanguka? Mtu anayeanguka ana shida ya kusimama. Miguu ndiyo iliyokaribia."

Karibu nimbusu kupitia kile kioo. Pindo alisema asante, akaitia kadi mkobani bila kuitazama mara ya pili.

Tulipofika kwake, nilikuwa nakoroga chungu nikipanga kwa sauti jinsi tutakavyomtupia bosi ile kadi mezani, nikamsikia akisema:

"Siipeleki."

"Huipeleki nini?"

"Hiyo kadi. Miguu yangu haina kosa lolote, wifi. Bosi akisoma miguu atanipa kiti kizuri. Nitaanguka kutoka kwenye hicho kiti, na watu watatokea dirishani tena."

"Wewe una wazimu? Kadi ni kadi! Keshokutwa huna kazi! Nani anakwenda kukagua miguu yako?"

"Kule stoo," akasema, "unajua kulikuwa na nini?"

"Marobota. Kulikuwa na nini kingine?"

"Kulikuwa na giza. Nikizinduka kutoka kwenye kifafa silijui hata jina langu. Sijui niko wapi, sijui ni nani kanifungia. Nasukuma mlango, haufunguki. Nagonga, mashine zinanguruma, hamsikii. Kila mara, wifi. Kila mara nadhani nimekufa na mmeshanizika."

Mwiko ulinitoka mkononi. Nilimtazama mke wa kaka yangu, mtu ninayekula naye, ninayemtania. Mimi niliyejiona mwokozi wake!

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Kazi uliniombea wewe. Ningekwambiaje?" Akaokota mwiko, akauosha. "Sasa nimechoka kufichwa. Hata na wewe, hata na hiyo kadi."

Siku ya mwisho ya mwezi tulikuwa wa kwanza mlangoni kwa jopo. Pindo akaiweka kadi mezani.

"Nimeirudisha."

Safari hii aliyepigwa na butwaa ni mwenyekiti. "Mama, watu wanalia humu ndani wakiitafuta hiyo!"

"Najua. Lakini imeandikwa uongo."

Karani akawa anaichunguza rula yake kana kwamba ndiyo kwanza kaiona. Pindo akatoa nakala mbili za fomu, akazipanga ubavu kwa ubavu.

"Tarehe nne mmeandika mzima. Tarehe kumi na moja mmeandika mgonjwa, arudi akiwa mzima. Nikija mzima mnanikataa kwa kuwa ni mzima. Nikianguka mnanikataa kwa kuwa nimeanguka. Naomba mniambie nije siku gani."

Mwenyekiti alisoma ya kwanza, akasoma ya pili, akarudia ya kwanza. Nikaona shingo yake inabadilika rangi.

"Hatujawahi kuziweka pamoja," akasema polepole. "Waliokutwa wazima huingia faili la kijani. Wagonjwa huingia la bluu."

Miaka yote ile! Watu wangapi wamegawanywa nusu kijani, nusu bluu, wakarudi makwao? Nilitaka kulipuka, lakini mwenyekiti aliwahi kuuliza, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Lakini mama, unaanguka siku mbili tatu kwa mwezi. Siku nyingine zote, kifafa kinakuzuia nini?"

"Muulizeni wifi yangu," akasema Pindo. "Ndiye aliyekuwa ananifungia."

Macho yote sita yakanigeukia. Nikafungua mkoba, nikatoa ufunguo wa stoo, nikauweka juu ya zile fomu mbili.

"Huu," nikasema. "Miaka sita nilimfungia gizani akiwa hajitambui, ili watu wasimwone. Siku ambazo haanguki alikuwa anashona huku anasubiri kufungiwa. Si kifafa kilichokuwa kinamfungia. Ni mimi." Kisha nikalia mbele za watu, kitu ambacho sijafanya tangu msiba wa mama.

Daktari aliuangalia ufunguo. "Mwenyekiti," akasema, "kifafa chake ni ulemavu. Nilipaswa kusema siku ile ya kwanza. Nilikuwa nafuata fomu."

"Na fomu haina kisanduku."

"Basi chora," Pindo akamwambia karani.

Yule mzee alikuwa ameshaiweka rula. Chini ya akili akachora kisanduku cha sita, pande nne zilizonyooka, akaandika *kifafa* pembeni, akatia alama. Watatu wote wakasaini, muhuri ukapigwa, fomu itumike badala ya kadi mpaka kadi mpya itoke. Mwenyekiti akaahidi kuandika barua kwa wakubwa ili fomu zichapishwe upya. Mpaka leo hazijachapishwa. Nasikia karani anamchorea kila mwenye kifafa anayeingia, na wanaongezeka.

Bosi aliishika ile fomu juu kwenye mwanga. "Hiki kimechorwa kwa mkono."

"Kwa rula," akasema Pindo.

Bosi akahesabu saini, akasoma muhuri, akaitia fomu kwenye faili. Nikamkabidhi na ufunguo wake wa stoo. Kesho yake Pindo alipewa meza ya kushonea kwa mkono, katikati ya chumba, mbali na mashine. Wakati wa mapumziko aliwasimamisha wote, akawaonyesha kwa kumtumia Mkasi aliyelala sakafuni akijifanya amezirai: mgeuze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, usimkandamize, tazama saa, zikizidi dakika tano mpeleke hospitali. Mkasi alitia chumvi, akatoa ulimi, watu wakavunjika mbavu. Wale wawili wa dirishani walicheka kidogo kuliko wengine.

Wiki ya pili nikasikia kikohozi. Mara mbili. Subana yake, kile kikofia cha kidole cha kushonea, ikagonga sakafu.

Nitasema ukweli tena. Baada ya yote yale niliinuka, nikamshika kiwiko, na miguu yangu ikaanza yenyewe kuelekea stoo. Hatua tatu nzima!

"Kifungo," akaita Mkasi, "unampeleka wapi?"

Nikasimama. Tukamlaza palepale, katikati ya chumba, mchana kweupe. Mtu akazima mashine, wengine nao wakazima zao. Mkasi akatazama saa. Pale karakanani sikuwahi kumwona wifi yangu akizinduka, maana kila mara nilikuwa nimeshaondoka.

Kabla hajafumbua macho, mkono wake ulinyanyuka. Kiganja kikasukuma hewa mbele yake, mara moja, mara mbili, kikatelemka kama kinachopapasa mbao za mlango, kikitafuta kitasa. Nikaushika ule mkono.