Kijitabu Kilichozuia Mbegu

Miaka ya tisini, gugumaji lilipokuwa likifunika ziwa, nilitunga hadithi ndefu nikaigawa katika vijitabu vitatu. Ndani yake gugu linafunga bandari ya Kisumu, malori yanaacha kuja, maduka yanabaki matupu, na familia moja inajifunza upya kuishi kwa mikono yake: kusaga wimbi kwa jiwe, kukausha samaki, kuhifadhi mbegu kwenye majivu. Niliamini, na bado naamini, kwamba Mungu aliyetupa mikono hafurahi tukiikunja.

Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kuwafikia wasomaji. Nilibeba vijitabu kwenye mfuko wa katani: mtaa wa Manyatta baada ya ibada, Sondu siku ya soko. Nilisimama juu ya kreti ya soda, nikasoma sura ya kwanza kwa sauti, nikanyamaza pale familia inapomaliza ugali wa mwisho.

"Mwalimu, endelea bwana!" wasikilizaji walikuwa wakipaza sauti.

"Kuendelea kumo humu," nilikuwa nikijibu, huku nikiinua kijitabu.

Siku moja pale Sondu mama muuza vitunguu aliniuliza, "Mzee, haya Mungu alikuonyesha kwenye ndoto?"

Nilitabasamu. "Mungu husema kwa njia nyingi."

Haukuwa uongo mtupu, wala haukuwa ukweli. Vijitabu viliisha mfukoni kabla ya saa sita. Tangu hapo nilitoa jibu hilo kila nilipokwenda.

Mvua za masika zilipoanza, wanawake wawili walinijia nyumbani, wake za ndugu wawili wanaoishi karibu na Sondu. Mama mkwe wao, mjane, alikuwa amekataa kupanda. Kwetu mwanamke mkuu wa boma ndiye hufungua msimu wa kupanda. Asipotia mbegu yake ardhini kwanza, wake za wanawe hawathubutu kugusa jembe.

"Anasema mwisho umefika, apande ale nani?" alisema mkubwa. "Amesomewa kitabu chako mara tatu. Sasa anaimba tu."

"Majirani wamemaliza kupanda," akasema mdogo. "Kitabu cha kujitegemea, Mwalimu! Njaa ikija tutamtegemea nani, wewe?"

Niliondoka nao asubuhi hiyo hiyo. Tulimkuta mama barazani, amevaa nguo nyeupe ya kanisani, kijitabu mapajani.

"Mama," nilisema, "yale sikuonyeshwa. Niliyatunga."

"Uliyatunga?"

"Nimekaa mezani, nakunywa chai."

"Na mimi nimegawa kuku wangu wote."

Niliomba msamaha mbele ya wake za wanawe. Sikuongeza mstari wa Maandiko. Nilijua siku hiyo ningeutumia kujificha.

"Huyo mama wa hadithi," akauliza mjane, "baada ya ule ugali alifanya nini?"

"Iko kwenye kitabu cha pili."

"Usiniuzie. Nisomee."

Nikasoma. Nilipofika pale mama wa hadithi anapopanda mtama kwenye tope ambamo maji bado yamesimama, mjane alinikatiza. "Mtama ndani ya maji? Huyo atakufa njaa kabla ya kitabu cha tatu!"

Wale wawili waliangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliagiza jembe na kibuyu cha mbegu, akavua viatu, akaniita nimfuate hadi sehemu ya shamba iliyoinuka, maji yasipokaa. Alichimba, akatia mbegu, akafukia kwa mguu. Wake za wanawe walikuwa tayari nyuma yetu na majembe yao. Nami nikaandika pembeni mwa ukurasa alivyofanya.

Jumapili iliyofuata, Manyatta, kabla ya kufungua kitabu nilisema, "Hii ni hadithi. Nimeibuni mwenyewe." Wengi wakaondoka. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba basi nimewapotezea wakati.

Kati ya wachache waliobaki, mwanamke mmoja aliuliza mtama hupandwa mahali gani pa shamba mvua ikiwa kubwa. Hilo nilikuwa na jibu lake, nikamwambia pia nilifundishwa na nani.