Kisima Chumbani kwa Fundi Elinaza

Hakujapambazuka vizuri hapa Temeke, upande wa kuelekea Mtoni, na Fundi Elinaza ameshagombana na watu. Amesimama katikati ya kiwanja chake, shuka begani, mswaki mdomoni, anawafokea wanawake waliojipanga na madebe yao.

"Jamani, hapo mnapokanyaga ni ukumbini! Hivi nyie mna macho kweli? Na wewe mama, nitokee dirishani kwangu!"

Ukumbi wenyewe haupo. Dirisha nalo halipo. Kuna vigingi na kamba iliyolegea kwa kurukwa kila siku, na pale kitanda cha fundi kilipotakiwa kukaa, pana kisima.

Elinaza ni fundi wa nyumba za miti na udongo. Nyumba nyingi za mtaa huu amezikandika yeye, lakini mwenyewe bado amepanga chumba ambacho mvua ikinyesha anahamisha kitanda. Alipokuja mjini kutoka milima ya Upare alimwacha mkewe, Naetwe, kwa wazazi, akamwahidi nyumba ya vyumba vinne, ukumbi katikati, mlango unaotazama barabara. Nyumba ikishaezekwa, Naetwe aje. Kila Jumapili kanisani alimkumbusha Mungu habari hiyo.

"Nilimweleza Mungu vizuri kabisa," anasema. "Vyumba vinne. Hata mlango nilimwambia utatazama wapi. Kumbe mwenzangu ana yake!"

Balaa hili, kama ni balaa, alilichimba kwa mikono yake. Mafundi wenzake wa hapa wakitaka udongo wa kukandika huchimba nje, uani. Elinaza hataki kusikia habari hizo. Baba yake alimfundisha kuchimba ndani ya vipimo vya nyumba, udongo usibebwe mbali. Kuta zikiisha, shimo linafukiwa kwa kifusi na sakafu inashindiliwa juu yake. Milimani kwao shimo la namna hiyo lilikaa kavu mpaka likafukiwa. Hapa Temeke jembe lilizama, na maji yakampanda hadi magotini.

"Nikasema ah, ya chumvi tu haya, kama ya visima vyote vya huku. Nikayaonja." Anatikisa kichwa. "Matamu! Nilikasirika, we acha tu."

Aliyezitangaza habari ni jirani yake, Bi Khairiya, mke wa mwenye duka la hapo pembeni. Aliomba kopo moja, akachemsha chai, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa huu chai yake haikuwa na chumvi. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa kiwanjani. Watu waliozoea kutembea mpaka bombani, jua utosini, wangeambiwa nini?

Elinaza akaenda kushtaki kwa Mwalimu Wilbert, mwinjilisti wa kanisa lake.

"Mwalimu, watu wamenivamia. Wanachota maji chumbani kwangu."

"Ukisali, Elinaza, huwa unaomba mapenzi ya nani yafanyike?"

"Ya Mungu, Mwalimu. Lakini si chumbani!"

Mwinjilisti alicheka mpaka akafuta macho. Elinaza alitoka amenuna. Kiwanja ni kidogo. Kisima kikibaki, nyumba ya vyumba vinne haipo, na Naetwe ataendelea kukaa kwa wazazi. Akaamua. Akarundika kifusi kando ya kisima, na Jumamosi moja akafika na koleo.

"Mie kugombana nakuweza," anasema bila aibu yoyote. "Maneno yote nilikuwa nimeshayapanga njiani. Kiwanja changu, jasho langu, hakuna wa kuniuliza."

Na kweli hakuna aliyemuuliza. Bi Khairiya alitazama kifusi, akatazama koleo, akaelewa.

"Ni haki yako, Fundi," alisema. "Basi ngoja tuchote ya mwisho."

Wakachota mmoja mmoja, bila kelele. Kila aliyejitwika debe alimgeukia fundi akamwambia ahsante, nyumba iwe ya heri. Hata wale aliowatukana jana yake walimshukuru.

"Wananishukuru! Mie nimekuja na ugomvi wangu mzima, hakuna wa kuupokea. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Alichota koleo la kwanza la kifusi, akalinyanyua, akabaki nalo hewani. Mikono ikakataa. "Nikamwambia Mungu, tena kwa hasira: haya, chukua! Chukua chumba, chukua na ukumbi, vyote chukua! Kumaliza tu kusema hivyo, furaha ikanijaa, hata sijui imetokea wapi. Nikacheka peke yangu kama mwehu."

Bi Khairiya anayakumbuka hayo vizuri. "Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka. Sie tukaogopa, tukadhani jua limempiga."

Furaha hiyo haijamfanya mpole hata kidogo. Huku akizungumza na mwandishi wa habari hii anakatiza maneno mara kwa mara kumkemea aliyemwaga maji ovyo au aliyeacha debe njiani. Ukimuuliza mbona anafoka na ameshakubali, anakasirika zaidi.

"Kukubali nimekubali, na moyoni nina raha ambayo sikuwa nayo wakati kiwanja ni changu peke yangu. Lakini Mungu hajasema watu wamwage tope."

Sasa amechora upya. Kwanza atajenga ukingo wa mawe kuzunguka kisima, watoto wasije wakatumbukia. Halafu, kwenye ukanda mwembamba uliobaki huku nyuma, kitapatikana chumba kimoja. Ukumbi hakuna, na barabara haitaonekana.

Kilichomnyima usingizi ni namna ya kumweleza mkewe. Mwishowe alimtuma Fransis, mtu wa kwao aliyekuwa akipanda lori kurudi Upareni, amwambie Naetwe ukweli wote: vyumba vinne havipo, ni kimoja, na mbele yake mtaa mzima unachota maji. Fransis alipoondoka, Elinaza hakula vizuri mpaka jibu lilipokuja. Limefika wiki hii, kwa mdomo wa Fransis huyohuyo.

"Amesema chumba kimoja kinafagiliwa upesi," Elinaza anaeleza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake imeshuka. "Amesema mavuno yakiisha anapanda lori. Hangoji paa."

Anawatazama wanawake wanaovuta ndoo.

"Miaka yote hii nasema mke wangu anangoja vyumba vinne. Yeye alikuwa ananingoja mimi. Vyumba vinne nilikuwa navingoja mwenyewe."